Safari ya Polepole ya Roland Preece

Kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, jirani yangu Roland Preece aliendesha lori la tangi, akikusanya maziwa kwenye mashamba yaliyo kati ya mji wa Leominster, hapa Uingereza, na mpaka wa Wales. Alitoka nyumbani kabla ndege hawajaamka, akarudi mchana, akala, akalala. Ukimtajia kijiji chochote cha huku, atakwambia lango la shamba liko upande gani, kama uani kuna nafasi ya kugeuza lori au hakuna, na mbwa wao ana tabia gani. Ukimuuliza kijiji chenyewe kikoje, anasita. Alikipita gizani, tena mbio, kwa sababu maziwa hayamsubiri mtu.

Ni mtu mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana na mwili ule. Hakuna mkulima atakayesema Roland alimchelewesha, au kwamba aliondoka na yai la mtu bila kulilipia. Kwa hilo namheshimu. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo ni kosa la nchi yake nzima: alikuwa radhi kusema neno asilolikusudia kuliko kukaa kimya na mwenzake kwa nukta moja.

Mkewe, Glenys, alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Roland alipokuwa anaingia, Glenys alikuwa anatoka, au Roland keshalala. Miaka ikaenda wakipishana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo. Jumapili walikula pamoja, lakini Roland alisinzia kabla pudini haijafika mezani. Siku moja Glenys aliniambia, tukiwa tumesimama kila mtu upande wake wa ua, kwamba ameishi na mwanamume huyu tangu nywele zake zilipokuwa nyekundu, na mpaka leo hajui anapenda kuzungumza juu ya nini. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Kwa hiyo wote wawili walipostaafu, walinunua gari-nyumba, lile gari refu lenye kitanda, jiko, meza na choo ndani yake. Lilikuwa limeshatumika na watu wengine, rangi yake ya maziwa yaliyochacha, lakini injini ilikuwa nzima. Glenys aliweka sharti moja. Dada yake wa Hereford asije, mtoto wao asiletwe, na wala wasifuatane na mtu wa kanisani. Wataenda wawili tu, polepole, milimani na mabondeni, wakilala kwenye uwanja wa baa ya kijiji hiki leo na ya kijiji kile kesho.

"Nataka kukaa na mume wangu," alisema. "Nimemngoja vya kutosha."

Mipango ilianza majira ya baridi, mezani jikoni kwao, ramani imetandazwa na kukandamizwa pembeni kwa chupa za jamu. Mimi nilikuwa pale mara nyingi, maana Roland hupenda chai yake iwe na shahidi. Alichora njia kwa penseli jinsi alivyozoea kupanga ukusanyaji wa maziwa: vijiji tisa kwa siku, kila kimoja na saa yake pembeni.

"Saa kumi na moja alfajiri tunatoka," alisema.

"Tunatoka kwenda wapi saa kumi na moja?" aliuliza Glenys.

"Kuwahi."

"Kuwahi nini, Roland?"

Alifikiri. Niliona kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa maishani mwake.

"Msongamano," alisema mwishowe.

"Msongamano wa kondoo?"

Glenys akachukua kifutio, akafuta vijiji saba. Jumamosi iliyofuata Roland alikuwa amevirudisha vinne. Glenys akavifuta tena. Ikawa hivyo mpaka maua ya kwanza ya manjano yalipochomoza kando ya barabara, na kwenye ramani ikabaki njia moja fupi, iliyojikunja kama konokono kupitia Wigmore na Knighton na kuelekea Clun, isiyo na siku hata moja ya zaidi ya saa nzima barabarani. Roland aliitazama njia ile kwa huzuni kidogo. Alisema angeweza kuimaliza yote kabla ya kifungua kinywa.

Baa alizichagua Glenys mwenyewe, akampigia simu kila mwenye baa. Huku mashambani baa nyingi zina uwanja nyuma, na mwenye baa humruhusu mtu mwenye gari-nyumba alale pale bure. Hakuna atakayekwambia ule kwake, na hakuna kibao kinachosema hivyo. Lakini unapiga simu kabla, unafika jua lingalipo, unaingia ndani, unaagiza chakula kamili na kinywaji, na ukishakunywa, funguo hazishikwi tena mpaka asubuhi. Mtu anayelala uwanjani na kujichemshia tambi zake garini, mapazia yamefungwa, habari zake zitafika Wales kabla yake. Mimi si mnywaji, na sioni fahari yoyote katika ulevi. Utaratibu huu, hata hivyo, naupenda, kwa sababu unamwamini mtu atende haki bila kusukumwa.

Sasa nije kwenye kosa.

Ilikuwa Ijumaa jioni, kwenye baa yetu inayoitwa Gurudumu, ambako mimi huenda kunywa soda ya tangawizi na kusikia habari. Roland alikuwa amesimama kaunta akieleza njia yake. Thelma, mwenye baa, alikuwa akimchokoza, akimuuliza kama lile ni gari au ni kanisa, maana tangu alinunue hajalitoa barabarani, analizunguka tu kwa heshima. Pembeni, kwenye kiti chake cha kila Ijumaa, aliketi Aubrey Gwilliam.

Aubrey alikuwa fundi wa malori wa kiwanda kile kile cha maziwa, na ndiye aliyelitunza lori la Roland miaka yote. Ni mtu mdogo, nadhifu, kola yake imepigwa pasi. Mkewe, Hester, alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Tangu hapo Aubrey huja Ijumaa, hunywa bilauri moja ya pombe ya matofaa, na kwenda zake. Jioni ile alisikiliza habari za safari kwa makini kuliko mtu yeyote. Aliuliza pampu ya maji ni ya aina gani, mlima wa Clun watauchukua kwa gia ya ngapi. Kisha maswali yakaisha. Pakawa kimya, na Roland, ili kuziba kimya kile, akasema:

"Itabidi uje nasi, Aubrey."

Msomaji aelewe. Hapa Uingereza neno hili ni kama ile "karibu tule" ambayo kwetu, kule nilikozaliwa, humwambia mpita njia tukiwa na tonge mkononi. Mpita njia anajua la kujibu: asante, nimeshiba. Hapa jibu ni "itapendeza sana, siku moja," na habari hiyo haisikiki tena mpaka kiama. Tofauti ni kwamba kwetu mpita njia akiketi, sahani huongezwa. Hapa hakuna ajuaye afanye nini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuketi.

"Lini?" aliuliza Aubrey.

Thelma alikuwa anafuta bilauri. Aliendelea kuifuta bilauri ile ile.

"Ee, Mei," alisema Roland. "Katikati ya Mei hivi."

"Mei nina nafasi. Nina nafasi Mei yote." Aubrey aliinua bilauri yake kidogo, kama mtu anayeshukuru kanisani. "Asante, Roland. Sikutegemea."

Akamaliza kinywaji, akavaa kofia, akatoka mapema kuliko kawaida yake. Thelma alisubiri mlango ufungwe.

"Roland Preece, umefanya nini?"

"Nilikuwa na adabu tu."

"Basi adabu yako imekwenda nyumbani kutafuta begi la kulalia."

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia Roland achague mojawapo: amwambie Glenys usiku ule, au amwambie Aubrey kesho asubuhi. Alijibu kwamba Aubrey atasahau. Nilimkumbusha kwamba mtu huyo alikuwa akiikumbuka kila nati ya lori lake. Hapo Roland akaanza kunieleza habari za hali ya hewa.

Hakumwambia yeyote. Badala yake alianza kudokeza, na dokezo, kwa maoni yangu, ni njia ya mtu anayetaka mwenzake aubebe ukweli kwa niaba yake. Aubrey sasa alikuwa akija kila Jumamosi na sanduku lake la spana. Alitengeneza pampu ya maji. Alinyoosha mlango uliokuwa ukigonga. Alifungua jiko, akalisafisha, akalifunga tena, na moto ukawa wa buluu kama inavyotakiwa. Glenys aliona ni wema wa rafiki wa kazini, akawa anamletea keki uani. Na Roland, akisimama karibu na miguu ya Aubrey iliyochomoza chini ya gari, alitupa madokezo yake moja moja.

Alisema kitanda ni kimoja tu. Aubrey akajibu kwamba analo hema. Alisema Mei mvua hunyesha sana upande ule. Aubrey akasema ni hema zuri. Jumamosi nyingine akajikaza, akasema yeye Roland hukoroma vibaya, tena ukuta wa gari ni mwembamba, mtu wa nje hatapata usingizi.

"Hester alikoroma kama trekta," alisema Aubrey kutoka chini ya gari. "Nyumba imekuwa kimya mno siku hizi. Nitalala vizuri."

Roland akaingia ndani kunywa maji.

Wiki moja kabla ya kuondoka, Glenys alitoka na chai na vipande vya keki ya tangawizi. Aubrey alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa gari. Alimshukuru, akanywa kidogo, kisha akauliza kama ingekuwa vyema alete sahani na kikombe chake mwenyewe.

"Vya nini, Aubrey?"

"Vya safarini. Sitaki uoshe vyombo vyangu juu ya vyenu."

Glenys alimtazama mumewe. Roland alikuwa anasugua kioo cha mbele ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi.

"Una moyo mzuri, Aubrey," alisema Glenys. Hilo lilikuwa kweli, na halikujibu chochote. Akachukua sinia, akaingia ndani.

Yaliyofuata jikoni niliyasikia baadaye kwa wote wawili, na masimulizi yao hayakutofautiana. Roland alipoingia alimkuta Glenys anaondoa chupa za jamu kwenye pembe za ramani.

"Mbona unaikunja?"

"Kwa sababu safari hii si yangu tena. Nendeni."

Roland alieleza yote, Ijumaa ile, kimya kile, neno lile. Glenys hakuhitaji kuelezwa sana. Na yeye ni mtu wa hapa, amewahi kualika watu wengi kwa namna hiyo, na wote walijua la kujibu. Roland akapendekeza waseme giaboksi imekufa, kwa hiyo safari imeahirishwa, kisha waondoke kimya kimya mwezi Juni.

"Aubrey ni fundi wa giaboksi, Roland. Atakuwa hapa na giaboksi nyingine kabla ya chakula cha jioni."

Akapendekeza basi wamchukue nusu ya njia. Glenys akaketi. Alisema amewapikia watoto wa watu maisha yake yote, akiwatazama wakila, akirudi nyumbani kumkuta mumewe amelala. Akienda safari hii na watu wawili, mmoja mezani na mmoja hemani, atakuwa amerudi jikoni mwa shule, ila jiko ni dogo zaidi.

"Nilikutaka wewe," alisema. "Sikutaka gari, sikutaka milima. Ningekaa nawe hata kwenye maegesho ya sokoni."

Glenys akaongeza kwamba hataki Aubrey adanganywe, kwani katika jambo hili lote ni Aubrey peke yake aliyesema alichokikusudia. Kama ni lazima mtu aumie, basi aumizwe na ukweli, na aliyemwalika ndiye amwambie. La sivyo yeye haendi, na ramani itabaki imekunjwa.

Jioni Roland alinijia uani. Aliniomba nimwendee Aubrey kwa niaba yake. Alisema mimi nimesoma, nina maneno mazuri, nitajua kuliweka jambo lisimchome mtu. Nilikataa. Nilimwambia mdomo uliomwalika ndio utakaomwambia, na kwamba maneno mazuri ndiyo yaliyomfikisha hapo alipo. Alitia mikono mifukoni, akatikisa kichwa. Hakunikasirikia. Nadhani alikuwa akitarajia jibu hilo, na alitaka tu alisikie likitamkwa na mtu.

Asubuhi yake Aubrey alikuja tena, ingawa haikuwa Jumamosi, akalala chini ya gari, akaanza kukaza ngazi ya mlango iliyokuwa inacheza. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua nikipunguza matawi, na sitajifanya kwamba sikusikia.

"Aubrey, toka chini ya gari. Nina neno."

"Sema tu, nakusikia."

"Toka, tafadhali."

Aubrey akatoka, akafuta mikono kwa kitambaa, akangoja. Roland alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Nilikwambia uje nasi safarini," alisema. "Sikukusudia. Nilisema ili niseme kitu. Ulipouliza lini, ilinipasa nikwambie pale pale, nikaogopa. Glenys hakujua lolote. Safari hii ni yake na yangu, tumeingoja muda mrefu. Nimekukosea, na samahani."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Aubrey alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya sanduku la spana.

"Kwa hiyo hema halihitajiki."

"Halihitajiki."

"Nilikuwa nimeshalianika." Halafu akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza ubovu wa mashine: "Mambo haya Hester ndiye aliyekuwa akinisaidia. Tukitoka kwa watu, tukishaingia garini ananiambia, Aubrey, ule mwaliko wa Krismasi ni wa kweli, ule wa kwenda kuona bustani ni wa mdomo. Mimi sijawahi kujua tofauti. Yeye alijua mara moja. Tangu afe nabahatisha tu."

Nilimwona Roland akifungua kinywa. Nilijua kilichokuwa kinakuja, kwa sababu mtu yeyote wa hapa angekisema: lazima uje kula nasi siku moja, Aubrey. Nilishika mkasi wangu wa matawi na kuomba asiseme. Kinywa kikafungwa.

"Ngoja hapa," alisema Roland. "Usiende. Nataka nimuulize Glenys kitu kwanza."

Akaingia ndani. Aubrey alisimama peke yake karibu na gari, akalipapasa kwa kiganja pale karibu na tairi, kama mtu anavyompapasa farasi asiye wake. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka Glenys, viatu vya ndani miguuni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, na Roland nyuma yake.

"Aubrey," alisema Glenys, "Jumatano ya wiki ya pili ya safari tutakuwa Bata Wawili, ile baa iliyo njia ya Clun. Njoo na gari lako, ule nasi chakula cha mchana."

Aubrey alimtazama kwa uangalifu mkubwa.

"Huu ni wa namna gani?"

"Ni wa kweli."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tisa. Ikifika saa tisa nitakwambia uende nyumbani, nawe utaenda."

Uso wa Aubrey ulifunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu mazishi.

"Hivyo ndivyo ninavyopenda kuambiwa," alisema. Akachukua spana yake, akalala tena chini ya gari, kwa kuwa ngazi ilikuwa bado haijakazwa, naye hawezi kuacha kitu nusu.

Waliondoka saa nne asubuhi siku ya Jumatatu. Roland alikuwa amevaa viatu tangu alfajiri, akizunguka nyumba, akigusa kila mlango, lakini hakuwasha injini mpaka Glenys alipomaliza chai yake na kuosha kikombe. Walipita mbele ya nyumba yangu kwa mwendo wa baiskeli. Nyuma yao magari yalikuwa yameanza kujipanga, na Roland, ambaye maisha yake yote alikuwa akiwalalamikia watu wa namna hiyo, aliyapungia mkono.

Habari za safari alinipa Glenys waliporudi. Kwenye baa ya kwanza, karibu na Wigmore, Roland alimaliza pai yake ya nyama na kabichi kabla Glenys hajatia chumvi kwenye viazi, kisha akawa anatazama saa ukutani. Glenys alimuuliza anataka kwenda wapi. Akasema hapana, macho yake yamezoea tu. Kwenye baa ya pili aliuliza jina la kilima kilichokuwa dirishani, akashangaa kusikia kwamba amekipita maelfu ya mara. Kwenye ya tatu alianza kusimulia mambo. Alisimulia habari za mama yake, na za shule, na za kijana mmoja aliyemwibia baiskeli ambaye mpaka leo anamtafuta kidogo kwa macho kila akiwa sokoni. Alisimulia mpaka mwenye baa akaja kuzima taa. Glenys aliniambia kwamba yeye mwenyewe hakusema neno jioni ile nzima, isipokuwa kuagiza chipsi zaidi.

Jumatano ya wiki ya pili Aubrey alifika Bata Wawili kabla ya saa waliyopanga, akangoja ndani ya gari lake mpaka saa hiyo ikafika. Walikula mwanakondoo na mchuzi wa mnanaa. Alimshinda Roland domino mara zote na hakujisingizia kwamba ni bahati. Alimuuliza mwenye baa mambo ya mabomba ya bia ambayo mwenye baa alifurahi sana kuulizwa, kwa sababu wateja huuliza tu bei. Kisha Glenys akatazama ukutani.

"Aubrey, saa tisa."

Aubrey akasimama, akavaa kofia, akawashika mikono wote wawili, akaenda. Mwenye baa alidhani wamegombana. Aliwaletea chai ya bure kwa huruma.

Mchana ulikuwa mzuri, vichaka vyote vya miiba vya kando ya njia vimejaa maua meupe, na hakukuwa na mahali pa kuwahi. Wakaamua kutembea kwa miguu, kwa njia inayopanda nyuma ya baa na kukata mashamba. Walifika kwenye lango la mbao. Upande wa pili kulikuwa na ng'ombe, kama kumi hivi, wamesimama wakitafuna na kutazama. Glenys alifungua komeo. Roland hakusogea.

"Ng'ombe," alisema.

"Naona. Umefanya kazi na ng'ombe maisha yako yote."

"Nimefanya kazi na matangi." Alitazama viatu vyake. "Nawaogopa, Glenys. Siku zote nimewaogopa. Ndiyo maana sikuwa nikishuka mpaka mkulima atoke."

Glenys aliegemea lango akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo kwa mikono miwili, na Roland, baada ya kujaribu kukasirika, akacheka pia. Kisha Glenys akamshika mkono, akamweka upande wa ua, yeye akakaa upande wa ng'ombe. Wakavuka shamba lile polepole, maana Roland alisema kukimbia ni hatari zaidi, na njia nzima alimsimulia habari za fahali mmoja wa karibu na Knighton aliyemzuia ndani ya lori asubuhi ya barafu, mpaka mke wa mkulima alipotoka na ufagio.

Walipofika ng'ambo, Glenys alimwambia aianze tena hadithi kutoka mwanzo.